Kura za Nyumba ya Virgil Wehmeyer

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, ukumbi wa parokia ya Oberdorf ulikuwa unanukia soseji na kabichi ya siki tangu saa nne asubuhi. Wanaume walikuwa nje kwenye majiko, wanawake ndani kwenye masufuria, na mlangoni, mahali ambapo mtu asingeweza kupita bila kuonwa, alikaa Imelda Struckhoff na meza yake ya vipeperushi. Zilibaki siku kumi watu wapige kura ya rais.

"Watoto walio tumboni hawana kura," Imelda alimwambia kila aingiaye, akimshikisha karatasi. "Sisi ndio kura yao."

Hakuna aliyembishia. Oberdorf nzima ilikuwa nyumba mia mbili, kituo cha mafuta, kanisa na mashamba ya mahindi hadi mtoni, na watu wake walikuwa wanajuana mpaka namba za viatu. Nani atampa kura nani halikuwa jambo la kuulizana.

Virgil Wehmeyer aliingia na sinia la soseji zinazofuka moshi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na moja, fundi wa matrekta na mashine za kuvunia, mwenye mikono ambayo haikuwahi kutakata hata siku ya harusi yake. Imelda alimnyooshea kipeperushi.

"Mpe mwenye shida nacho," alisema Virgil. "Mimi unanijua."

"Nakujua. Ila nimesikia ulimsema vibaya Gavana Marchbanks pale dukani."

"Sikumsema vibaya, nilimsema alivyo. Ameshaacha wake watatu, wote hai, na hakuna hata mmoja anayemsalimia. Angekuja gereji kwangu, akiondoka tu ningehesabu spana zangu."

Watu wakacheka. Imelda hakucheka. "Kwa hiyo utampa Seneta Ollery?"

"Mama wee! Yule anayesema mimba ni shauri la mwenye nayo na daktari wake, hadithi imekwisha? Marchbanks nitampa. Nitaziba pua, nitampa. Naitwa Virgil, siitwi kigeugeu."

Mkewe, Lorene, alikuwa kwenye meza ya nyuma anakata pai za tufaha, akatabasamu bila kuinua uso. Maneno hayo aliyajua. Kodi, vita, bei ya mahindi, vyote kwa Virgil vilikuja baadaye. Swali lilikuwa moja tu, na anayelijibu sawasawa alipata kura yake hata kama ni mhuni. Miaka thelathini na sita Lorene naye alipiga hivyo hivyo. Hakuwa amelazimishwa. Hakuwahi kujiuliza, kama ambavyo mpishi hajiulizi mchuzi utiwe chumvi au usitiwe.

Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Alikuwa Corinne, binti yao wa pekee.

"Mama," alisema Corinne. "Mama, chupa imepasuka."

"Chupa gani, mwanangu?" aliuliza Lorene, kisu bado kipo kwenye pai. Mimba ya Corinne ilikuwa na wiki kumi na saba. Halikumjia kabisa kwamba ni chupa ya uzazi.

*

Mume wa Corinne, Garrett, alifanya kazi kwenye boti ya kusukuma matishari ya nafaka kwenye Mississippi, siku ishirini na nane majini, siku kumi na nne nyumbani. Siku hiyo alikuwa chini huko kusini, karibu na Memphis. Kwa hiyo waliompeleka hospitali walikuwa wazazi, Virgil akiwa bado na harufu ya moshi wa soseji kwenye nywele.

Mtoto alitafutwa miaka minne. Alikuwa wa kike, ameshapewa jina, Adele. Kwenye kioo cha mashine alionekana amejikunja kwenye kona, hana maji hata kidogo, na moyo wake unapiga. Virgil aliuona moyo ule ukipwita kama taa ndogo ya gari, akavua kofia.

"Yu hai," alisema.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Pruitt, ana ndevu changa na macho ya mtu asiyelala. Alizima kioo taratibu.

"Yu hai sasa, ndiyo. Lakini bila maji mapafu hayakui. Hatafika umri wa kuweza kuishi. Ningependa kuwadanganya, ila siwezi." Alimgeukia Corinne. "Hatari iliyobaki ni yako wewe. Mlango wa uzazi umefunguka. Maambukizi yanaweza kuingia, na yakiingia hayasubiri."

"Basi tufanye nini?" aliuliza Lorene.

Daktari aliutazama mlango wa chumba, akaenda kuufunga. "Kwingine tungeanzisha uchungu leo. Hapa, moyo wa mtoto ukiwa unapiga, sheria inataka mama awe katika hatari kweli kweli. Wanasheria wa hospitali wanasema hajafika."

"Hajafika wapi?" Lorene aliuliza. "Kuna kibao?"

"Mama," alisema daktari kwa upole, "nami nakiulizia kibao hicho kila wiki." Waende nyumbani, alisema. Wapime joto kila saa mbili. Likifika mia moja na moja za Farenhaiti, homa ya kweli, au akitetemeka, au akitoa harufu mbaya, wamrudishe mbio. Alipokuwa anawaandikia, aliinama kama anayetafuta kalamu iliyoanguka, akaongeza chini chini: "Angekuwa dada yangu, mimi leo ningekuwa ng'ambo ya mto, Illinois, ambako sheria hii haipo. Sijawaambia kitu."

Kabla hawajaondoka akaja muuguzi wa makamo na fomu. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Umemeza kitu chochote wiki hii? Vidonge?"

"Vitamini," alisema Corinne.

"Vidonge vingine. Ulivyoletewa na posta, au ulivyopewa na rafiki?"

Corinne hakuelewa. Lorene alielewa kwanza, na damu ikampanda usoni. Virgil, aliyekuwa ameshika koti la bintiye, alielewa mwishoni.

"Unamwuliza nini mwanangu?"

"Tunawauliza wote, bwana. Ni fomu."

"Mwanangu ameshapaka rangi chumba cha mtoto," alisema Virgil. Sauti yake ilikuwa ndogo, nayo haikuwa ndogo kwa kawaida. "Rangi ya maziwa. Mimi ndiye nilishika ngazi."

Muuguzi aliandika "Hapana" kwenye fomu. Hakuinua macho. Corinne alisaini mahali palipowekwa alama ya msalaba, herufi zake zikapinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

*

Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule theluji ilipofunga barabara, akina Wehmeyer hawakwenda misa. Corinne alilazwa kwenye kochi la sebuleni kwa wazazi wake, miguu juu ya mito. Saa nne asubuhi joto lilikuwa tisini na nane na nusu, la mtu mzima wa afya. Saa sita, tisini na tisa. Saa nane, mia moja kasoro kidogo.

Jikoni, Virgil alikuwa amesimama mbele ya dirisha, anazungumza na bustani.

"Nimesoma habari za mtoto wa Iowa. Alizaliwa na wiki ishirini na moja. Sasa anacheza mpira."

"Huyu ana kumi na saba, Virgil."

"Wiki nne tu. Akitulia, akilala, watu wakisali…"

"Hana maji! Umesikia au hukusikia? Mtoto hana maji."

"Nimesikia. Na nimeuona moyo. Na wewe umeuona." Aligeuka, macho mekundu. "Unataka niseme nini, Lorene? Miaka yote nimesimama pale nasema huyo ni mtu. Leo ni mjukuu wangu, sasa si mtu?"

"Sijasema si mtu."

"Basi unasema nini?"

"Nasema wapo wawili," alisema Lorene, "na mmoja ndiye anayeweza kubaki."

Ilikuwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. Kutoka sebuleni Corinne aliwaita, wote wawili wakaenda kama watoto walioitwa na mwalimu. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, mashavu yamewaka.

"Msinigombanie kama mimi sipo," alisema. "Baba, kaa."

Virgil akakaa kwenye ukingo wa meza ndogo, ambayo siku nyingine yoyote angemgombeza mtu kuikalia.

"Nampenda, Baba. Nimeshaongea naye. Nimemwambia samahani. Yeye hatabaki, na kama nikimsubiri aondoke kwanza, huenda nikaondoka naye. Sitaki. Nina miaka ishirini na saba. Nataka Garrett akirudi anikute." Meno yalianza kugongana. "Naona baridi, Mama."

Lorene alimtia kipimajoto. Mia moja na nukta sita. Akapiga simu hospitali, akaambiwa asubiri, akawekewa muziki, akaambiwa mia moja na nukta sita bado haijawa mia moja na moja, waje ikifika, au waje sasa wasubirie pale. Virgil alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuyasikia yote. Alitoka nje barazani, akampigia Padre Leander.

Lorene alimfuata mpaka mlango wa waya. Alimsikia akieleza, akigugumia, akianza tena. Padre alikuwa mtu wa vitabu, naye akaanza taratibu, kwamba Kanisa linapambanua kati ya kukusudia na kuruhusu, kwamba ikiwa tiba inaelekezwa kwenye ugonjwa…

"Padre," Virgil alimkata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Sikuulizi kitabu kinasemaje. Nakuuliza habari za Corinne. Ulimbatiza wewe."

Lorene aliona mgongo wa mumewe ukingoja.

Kisha Padre akasema kitu kifupi, na Virgil akatoa pumzi ndefu, akaweka mkono kwenye nguzo ya baraza kama aliyeshuka kutoka juu ya ghala.

"Amesemaje?" Lorene aliuliza.

"Amesema, 'Mkimbize mwanao, Virgil. Haya mengine tutayaongea ukisharudi.'" Tayari alikuwa anatafuta funguo mfukoni. "Lete mablanketi."

*

Walikuwa watatu mbele kwenye pikapu, Corinne katikati, kichwa kwenye bega la mama yake. Virgil aliendesha kama hajawahi kuambiwa kuna kikomo cha mwendo. Maghala ya nafaka yakapita, mabango ya wagombea yakapita, Marchbanks kwenye kila uzio akitabasamu meno yote.

Daraja la chuma lilipotokea, mto chini yake ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, Corinne alifumbua macho. Walivuka. Upande wa pili Virgil alikata kulia, akapita taa mbili, akakata kushoto kwenye duka la matairi, akaingia barabara ya nyuma isiyo na kibao. Hakuwasha ramani ya simu.

"Umeijuaje njia hii?" Corinne aliuliza.

Virgil alibadilisha gia.

"Huwa tunakuja na basi la parokia," alisema. "Kila Kwaresima. Ile kliniki ya kutoa mimba ipo mtaa mmoja tu kutoka hospitali. Tunasimama ng'ambo ya barabara, tunasali rozari."

Alipunguza mwendo kwenye kona, akauongeza tena.

"Kuna msichana mmoja," aliendelea, macho mbele, "mwaka juzi. Alitoka kwenye gari na mama yake, analia. Nilimwambia, kwa upole, sikufoka, nilimwambia, 'Binti, bado hujachelewa.' Mama yake alinitazama. Mpaka leo namwona alivyonitazama." Akameza mate. "Sikujua amekuja kwa lipi. Sikuuliza."

Lorene aliona kwamba pengine hakuhitaji kufarijiwa. Alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa Corinne, akagusa bega la mumewe. Virgil akaliinamisha bega kidogo kuupokea mkono.

Corinne alikuwa anatetemeka sasa mwili mzima. "Ongeza mwendo, Baba," alisema.

*

Mlangoni mwa hospitali walipokelewa na watu wawili wenye kiti cha magurudumu. Mmoja alikuwa daktari, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya michezo vya rangi ya chungwa, Dkt. Okafor-Lindt. Alimshika Corinne mkono, akamwangalia usoni, akauliza maswali manne, hakuna hata moja la vidonge. Ndani ya nusu saa dawa ilikuwa inapita kwenye mshipa na uchungu umeanzishwa. Lorene alijikuta anasubiri fomu. Ilikuja, ya mzio na jina la ndugu wa karibu.

Adele alizaliwa kabla ya jua kuzama. Moyo wake ulikuwa umesimama dakika chache kabla, alisema daktari, hakuumia. Muuguzi alimfunga kwenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kidogo kama leso, akamweka kwenye kifua cha mama yake. Corinne alimtazama, akamhesabu vidole, vyote vilikuwepo. Kisha akamwita baba yake.

Virgil alikuwa ameshanawa mikono mara tatu. Alimpokea mjukuu wake kwenye viganja viwili vyenye ufa mweusi wa oili, na vikatosha, nafasi ikabaki. Hakuomboleza kwa sauti. Alisema jina lake lote, Adele Lorene Lasley, na ukoo wa Garrett ndani yake, akamfanyia ishara ya msalaba kwa ncha ya kidole gumba, akamtazama mpaka alipohisi amemjua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa mjukuu pia, ingawa hakuna aliyeutungia methali.

Lorene alitoka na daktari koridoni.

"Damu yake ilikuwa imeanza kuingiwa na sumu," daktari alisema. "Mngesubiri mpaka asubuhi, labda ningekuwa naondoa mfuko wa uzazi. Labda ningekuwa nafanya zaidi ya hapo. Mmekuja kwa wakati. Mfuko upo. Akipenda, akipona, anaweza kujaribu tena."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe atapona, mama."

Lorene alikaa. Hakukuwa na kiti. Alikaa sakafuni, na aproni ya parokia aliyokuwa ameivaa tangu jana, na daktari akakaa naye kidogo, viatu vyake vya chungwa vimenyooshwa mbele.

Jumatatu asubuhi Garrett aliingia akikimbia, viatu vya boti, ndevu za wiki tatu, amepanda magari manne ya watu asiowajua. Walimwacha na mkewe na mtoto wao saa nzima, mlango umefungwa. Ulipofunguliwa, Corinne alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Joto lilikuwa tisini na tisa na linashuka.

"Mama," alisema, "ni dhambi kusikia njaa?"

"Njaa ya nini, mwanangu?"

"Ya viazi vya kukaanga. Vingi."

Virgil alishaanza kuvaa kofia. Alirudi na mifuko mitatu, na chumvi mfukoni kama kwamba hospitali haina. Walikula wote wanne kitandani, vidole vinang'aa mafuta, na Lorene alicheka na kulia katika tonge moja, akapaliwa, Garrett akampiga mgongoni.

*

Adele alizikwa Ijumaa, kwenye safu ya akina Wehmeyer. Padre Leander alisali, hakuongeza lake. Lakini Oberdorf ni Oberdorf. Jumapili Lorene alipoingia kanisani aliona benchi la mbele likisogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Kwenye ukumbi, mtu alikuwa ameliondoa jina lake kwenye orodha ya wapishi wa sikukuu ya Shukrani, akaandika lingine juu yake kwa kalamu ya wino. Hakuuliza ni nani.

Jumanne ya uchaguzi, Corinne alisema anakwenda kupiga kura hata kama atabebwa. Garrett alishapiga ya mapema kabla ya kwenda majini, kwa hiyo alibaki nyumbani anafua. Virgil akawapakia mkewe na bintiye, wakaenda kituo cha zimamoto, ambako foleni ilitoka nje mpaka kwenye nyasi. Mtu alimletea Corinne kiti cha kukunja.

Imelda Struckhoff alikuwa mbali na mlango, umbali ule ule unaoruhusiwa kisheria siku ya kura, na vipeperushi vyake. Alipowaona, Lorene alimwona anasita. Kisha akaja, na foleni yote ikaacha kuongea juu ya hali ya hewa.

"Corinne," alisema Imelda, "tunakuombea. Nataka ujue. Kwa yaliyotokea kule ng'ambo. Mungu hupokea kila anayetubu."

Corinne aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Ni Virgil aliyeongea, na mara hii sauti yake ilirudi kuwa kubwa.

"Imelda, atubu nini?"

"Virgil, watu wanajua mlikokwenda."

"Niulize mimi, basi, usiwaulize watu. Nilimvusha mimi. Pikapu ni yangu na njia niliijua. Chupa ilipasuka, mtoto hakuwa wa kuishi, na mwanangu alikuwa anakufa mbele ya macho yangu anapimwa joto kama mkate ulio jikoni. Mjukuu wangu nimemshika kwa mikono hii. Unadhani nimesahau kwamba alikuwa mtu? Basi ukisema toba, anza na mimi. Yeye mwache."

Mzee mmoja nyuma alikohoa. Imelda alisimama na karatasi zake, uso umekuwa mweupe, kisha mwekundu, na Lorene akajiandaa kwa neno lolote litakalokuja.

"Wiki ya ngapi?" Imelda aliuliza.

"Kumi na saba," alisema Corinne.

"Mimi ilikuwa ya kumi na nane." Alisema kwa sauti ya chini mno hata Lorene ilibidi asogee. "Kabla ya mwanangu Ronnie. Chupa hivyo hivyo, nikiwa naanika nguo. Yule daktari mzee aliniambia, 'Imelda, pole sana,' akaimaliza mimba jioni ile ile, nikalala kwangu siku ya pili. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyelipa jambo lile jina lolote. Mpaka dakika hii sikuwahi kufikiri kwamba…" Hakumaliza. Alimtazama Corinne kwenye kiti cha kukunja. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza kama nimemeza vidonge."

Imelda alifunga macho. Kisha akavua skafu yake ya sufu, akamzungushia Corinne shingoni bila kumwomba ruhusa, akaifunga vizuri kama anavyofungwa mtoto wa shule. "Upepo huu si wa mzazi," alisema. Akarudi mahali pake. Aliendelea kugawa vipeperushi, maana imani yake ilikuwa imani yake. Ila kila aliyepita alimwona anafuta pua kwa mgongo wa mkono.

Ndani, Lorene alisimama kwenye kibanda chake na karatasi. Mstari wa juu kabisa, rais: Marchbanks, Ollery, na wengine asiowajua. Alimfikiria Ollery, ambaye hakuwahi kumpenda, anayeongea kama mwalimu aliyechoshwa na darasa. Alimfikiria daktari yule kijana akiutazama mlango kabla ya kusema kweli. Kisha akapaka wino, taratibu, hadi kiduara kikajaa, na alipomaliza aliona hajafa wala paa halijaanguka.

Walipokuwa tayari kwenye pikapu, Virgil hakuwasha gari.

"Mstari wa juu nimeuacha wazi," alisema. "Tangu nina miaka kumi na minane sijawahi. Yule siwezi tena. Na yule mwingine bado siwezi. Nimempigia kura msimamizi wa barabara, nimempigia jaji, juu nimeacha."

Lorene alikunja mikono mapajani. Miaka thelathini na sita ya ndoa, na hakuwahi kuwa na neno la namna hii la kumwambia.

"Mimi nimempa Ollery."

Virgil aliutazama usukani. Gari la zimamoto lililong'aa lilikuwa mbele yao, na ndani yake mtoto wa mtu anapiga honi.

"Ollery," alisema.

"Ndiyo. Sema unachotaka kusema."

"Sina." Akafikiri. "Nasikia kama ningepaswa kuwa nacho, natafuta, sina." Aligeuka akamtazama mkewe, na usoni kwake hakukuwa na hasira, ila uchovu, na kitu kama cha mtu aliyetua mzigo akagundua bado anaweza kusimama. "Kwa hiyo nyumba yangu imetoa kura moja, nayo kapewa Ollery. Baba yangu anageuka kaburini."

"Mbili," ilisema sauti kutoka ndani ya skafu. "Nyumba yako imetoa mbili."

Wote wawili wakamgeukia Corinne.

"Umempa nani wewe?" aliuliza Virgil.

"Ni siri, Baba. Ndiyo maana wanaweka kibanda."

Lorene alianza kucheka, Virgil akafuata kwa ile sauti yake ya injini isiyotaka kuwaka, na Corinne akajishika tumbo akiwasihi waache, inauma, waache jamani. Walicheka mpaka msimamizi wa kituo akachungulia.

Jioni Garrett alipika maharage. Kila uchaguzi Virgil alikuwa akikaa mbele ya runinga mpaka jimbo la mwisho, na kalamu na ramani aliyoikata gazetini. Siku hiyo aliiwasha, akakaa, Lorene akaja akakaa ubavuni mwake. Corinne na Garrett walikuwa wameshalala chumba cha pili. Mtangazaji alikuwa bado anaeleza jinsi kura zitakavyohesabiwa. Ilipofika saa mbili usiku, kabla hata jimbo moja halijatajwa, nyumba yote ya akina Wehmeyer ilikuwa inakoroma.